Tohara, Jando na Hiari: Nani Amsemee Mtoto Mchanga?

Mwaka jana mke wangu alijifungua mwana wa kiume katika hospitali moja mjini. Siku ya pili, tukisubiri kuruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alitujia na fomu ya kutia sahihi, akaniuliza kwa upole: "Baba mtoto, huyu tumtahiri kabisa kabla hamjaondoka?" Nilimwomba atupe muda wa kufikiri. Mama yangu mzazi, aliyekuwa amekuja kumwona mjukuu wake, alinishangaa. "Wangoja nini, mwanangu? Sasa hivi hana habari. Akikua atakushukuru."

Maneno hayo, "hana habari", ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya. Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kudai kwamba mhusika aliyenyimwa sauti katika riwaya atazamwe upya na asemewe. Hapa palikuwa na mtu halisi, mwenye umri wa siku mbili, na kutosema kwake ndiko kulikofanywa sababu ya kumkata. Nilijiuliza: je, mtu kukosa habari ni hoja ya kumtendea jambo, au ni hoja ya kumngojea?

Ninakusudia kujadili tohara ya mazoea kwa watoto wachanga wa kiume, yaani kumtahiri mtoto mzima wa afya si kwa sababu ya ugonjwa wala kwa ibada, bali kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Rai yangu ni kwamba pale ambapo hakuna maradhi wala amri ya dini, mwenye mwili angojewe mpaka aweze kuulizwa. Nitaanza na maneno tunayoyatumia, kwa kuwa ndiyo mali yetu sisi wanachama, kisha nitageukia historia na maadili.

Tohara si jando

Neno tohara tulilipata kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni usafi au utakaso. Kwa mantiki ya neno lenyewe, aliyetahiriwa ametakaswa na asiyetahiriwa bado ana uchafu. Neno hili basi limekwisha kutoa hukumu kabla mjadala haujaanza. Si ajabu kwamba mojawapo ya tafiti za tohara ya watoto wachanga zilizofanywa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 2010 ilipewa jina la Mtoto Msafi Mbili. Mzazi gani angependa kuitwa mzazi wa mtoto mchafu?

Jando ni neno la namna nyingine. Anayesoma Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotokana na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake na kutolewa na Carl Velten mwaka 1903, atakuta humo habari za jando na unyago kama mambo ya jamii nzima. Jandoni kisu ni sehemu tu ya shughuli. Kuna kumbi wanamokaa wari mpaka wapone, kuna makungwi wanaowafunza, kuna nyimbo na mafumbo ambayo mtoto huyaingia hajui na kuyatoka anajua. Kwa maneno mengine, jando huchukua ngozi na kurudisha elimu.

Mimi nilipitia hayo kwa desturi za Wabukusu mwezi wa Agosti 2010, nikiwa na umri wa miaka 13. Nilizunguka kwa jamaa nikipiga njuga kuwaalika, mjomba wangu akanivika nyama shingoni, na alfajiri nikapelekwa mtoni kupakwa tope. Nilisimama wima mbele ya ngariba na umati ukinitazama. Sitajidai kwamba nilikuwa huru kabisa. Kijana wa kwetu anayekataa huchekwa na wavulana na wasichana, na dhihaka hiyo humwandama hadi utu uzima. Tena jando letu lina madhara yake: kuna vijana waliovuja damu mno, walioambukizwa maradhi kwa kisu kilichotumiwa na wengi, na wengine walipoteza maisha. Sina nia ya kulipamba. Hata hivyo, mimi ndiye niliyepiga njuga. Nilijua ninachokiendea, na leo ninaweza kukisimulia, kukisifu au kukilaumu kama jambo langu mwenyewe.

Tohara ya hospitalini kwa mtoto wa siku mbili imeacha kumbi, nyimbo, rika na mafunzo, ikabakiza kisu peke yake. Wanaoitetea kwa kusema kwamba mwacha mila ni mtumwa hawana budi kutueleza ni mila gani inayohifadhiwa humo.

Jambo lilivyoanza

Yamkini msomaji atasema kwamba tohara ni kongwe kuliko hospitali. Ni kweli. Katika kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, nchini Misri, kuna mchoro wa mawe wa zaidi ya miaka 4,000 unaoonyesha tohara. Wanaotahiriwa katika mchoro huo ni vijana waliosimama kwa miguu yao, si watoto wa kubebwa. Katika kitabu cha Mwanzo, Ibrahimu alitahiriwa akiwa na miaka 99 na Ishmaeli akiwa na miaka 13, kisha Isaka akatahiriwa siku ya nane, na Wayahudi wameishika siku hiyo hadi leo kama agano. Katika Uislamu umri hutofautiana baina ya jamii na jamii. Madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, huihesabu tohara kuwa wajibu, ilhali Hanafi na Maliki huihesabu sunna. Wanazuoni wa Shafii wenyewe hueleza kuwa wajibu huo humfika mtu anapobaleghe, na kwamba kumtahiri akiwa mdogo ni jambo lililopendekezwa. Haya ni mambo ya imani, na ninayaheshimu.

Tohara ya mazoea hospitalini ina chimbuko jingine kabisa, nalo ni la juzi. Mnamo Februari 1870, daktari wa mifupa wa New York, Lewis Sayre, aliitwa kumwona mvulana wa miaka mitano ambaye hakuweza kunyoosha miguu. Sayre aliamua kwamba kiini cha maradhi hayo ni govi lililobana. Alimtahiri, mtoto akapata nafuu, na Sayre akatangaza kwamba tohara huponya kupooza. Baadaye aliipendekeza kwa maradhi mengine mengi. Mtu huyu hakuwa mganga wa kuzururazurura sokoni. Mwaka 1880 alikuwa rais wa Chama cha Madaktari cha Marekani.

Wengine walifuata na sababu zao. Huko London, Jonathan Hutchinson alikuwa amegundua mwaka 1855 kwamba Wayahudi waliofika hospitalini kwake hawakuugua kaswende kama wengine, akahitimisha kwamba siri yake ni tohara, na mwishoni mwa karne ya 19 akaitetea kwa nguvu. John Harvey Kellogg wa Marekani, ambaye jina lake twalijua kwa vyakula vya nafaka, alipendekeza wavulana wanaojichua watahiriwe bila ganzi ili maumivu yenyewe yawe adhabu. Naomba msomaji aitafakari kauli hiyo. Humo tohara si usafi wala ibada, ni kiboko.

Kadiri wanawake wa Marekani walivyozidi kujifungulia hospitalini katika karne ya 20, ndivyo tohara ilivyokuwa kawaida ya wodi, mpaka wavulana wengi waliozaliwa huko wakawa wanatoka wametahiriwa. Sababu zilibadilika kizazi baada ya kizazi: kupooza, kifafa, kujichua, kaswende, saratani. Sababu moja ilipoanguka, nyingine ilisimamishwa mahali pake, na kisu hakikutoka mkononi. Jambo ambalo sababu zake hubadilika ilhali lenyewe halibadiliki yafaa lishukiwe, kwani huenda sababu zinatafutwa baada ya uamuzi.

Uingereza ilifuata njia nyingine. Mwaka 1949 daktari wa watoto Douglas Gairdner alichapisha utafiti katika jarida la madaktari wa Uingereza. Alionyesha kwamba govi la mtoto mchanga kwa kawaida huwa limeshikamana na kichwa cha uume na huachana nacho polepole kadiri mtoto anavyokua. Kwa hiyo kile madaktari walichokiita ugonjwa wa kubana kilikuwa, kwa wengi, maumbile tu. Alionyesha pia kwamba Uingereza na Wales zilikuwa zikipoteza watoto wapatao 16 kila mwaka kutokana na upasuaji huo. Huduma ya afya ya taifa, iliyoanzishwa mwaka 1948, haikugharimia tohara isiyo na sababu ya kitabibu, na mazoea hayo yakafifia. Wavulana wa Uingereza waliozaliwa baadaye hawakupooza miguu.

Kuna jambo jingine la kuhuzunisha katika historia hii. Kwa muda mrefu madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu kama mtu mzima, hivyo alikatwa bila ganzi. Ilikuwa hadi mwaka 1987 ambapo Anand na Hickey walikusanya ushahidi wa kutosha kuipinga imani hiyo. "Hana habari" kumbe ni msemo wa siku nyingi, na umewahi kusemwa na wasomi. Waswahili walikwisha kutuonya kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Hiari ya nani?

Nageukia sasa hoja yenye uzito zaidi katika Kenya yetu, yaani UKIMWI. Majaribio matatu makubwa yalifanywa Orange Farm nchini Afrika Kusini, Rakai nchini Uganda na hapa kwetu Kisumu. La Kisumu liliwahusisha wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, nalo lilisimamishwa mapema mnamo Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa dhahiri. Tohara ilipunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi na mwanamke kwa takriban asilimia 60. Mwezi wa Machi 2007 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kama njia mojawapo ya kinga, na mwaka 2008 Kenya ikaanzisha mpango wake, hasa katika eneo la Nyanza.

Sipingani na matokeo hayo. Mpango huo ulikwenda kwa Waluo, jamii ambayo kijadi haikutahiri, bali iling'oa meno sita ya chini na baadaye ikaiacha desturi hiyo yenyewe. Wazee walishauriwa, viongozi wakazungumza, na watu wakaelezwa. Jina lenyewe la mpango lilibeba neno la heshima: tohara ya hiari. Mwanamume alikwenda kwa miguu yake, akauliza maswali, akakubali au akarudi nyumbani.

Mwaka 2010 ulitolewa mwongozo wa kimataifa wa kutahiri watoto wachanga kwa lengo hilohilo la kinga, nazo tafiti zikafanywa Nyanza. Hapo ndipo neno hiari lilipopotea njiani. Walioshiriki majaribio yale matatu walikuwa vijana na watu wazima. Mtoto mchanga hajamiiani. Kinga anayopewa leo ataihitaji baada ya miaka 15 au 20, na kufikia wakati huo atakuwa na kinywa cha kusema na akili ya kuamua. Tohara ambayo kaka yake mkubwa aliulizwa, yeye hakuulizwa, ilhali muda wa kumuuliza ulikuwepo.

Nchi hii inaijua pia tohara isiyo na hiari. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kuna wanaume waliotahiriwa kwa nguvu barabarani na majumbani mwao. Mnamo Januari 2012, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliliweka tendo hilo katika kundi la matendo mengine ya kinyama. Simfananishi muuguzi mwenye upole na wahuni wenye panga. Ninachosema ni kwamba sote tulielewa wakati ule kuwa ridhaa ndiyo inayotenganisha tohara na jeraha.

Hoja za wanaopinga

Wanaotofautiana nami wana hoja tatu ambazo hazistahili kupuuzwa.

Ya kwanza ni ya kitabibu. Jeraha la mtoto mchanga hupona upesi, matatizo huwa machache kuliko kwa wakubwa, na mtoto aliyetahiriwa hupata kwa nadra zaidi maambukizi ya njia ya mkojo katika mwaka wake wa kwanza. Hayo ni kweli. Lakini maambukizi hayo si ya kawaida kwa wavulana, na hutibika kwa dawa. Inakadiriwa kwamba watoto 100 au zaidi hutahiriwa ili kumkinga mmoja. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilisema mwaka 2012 kwamba faida za tohara zinazidi hatari zake, ila hazitoshi kupendekeza kila mtoto atahiriwe. Chama cha madaktari cha Uholanzi kilikuwa kimetamka mwaka 2010 kwamba tohara ya watoto isiyo ya tiba inagongana na haki ya mtoto juu ya mwili wake. Wataalamu wenyewe wanapotofautiana hivi, si busara kulifanya jambo la kudumu kana kwamba limekwisha kuamuliwa.

Ya pili ni ya mamlaka ya mzazi. Tunawachanja watoto bila kuwauliza, mbona tohara? Jibu langu ni kwamba surua haingoji mtoto akue. Chanjo humkinga dhidi ya hatari iliyoko mlangoni leo, humkinga na jirani yake, na haimwondolei kiungo. Mzazi ni mdhamini wa mtoto, na mdhamini mwema huamua yale yasiyoweza kungoja, kisha huyatunza mengine mpaka mwenyewe afike.

Ya tatu ni ya dini. Mwezi wa Mei 2012 mahakama moja ya Cologne, Ujerumani, iliamua kwamba tohara ya mtoto wa miaka minne wa familia ya Kiislamu ilikuwa kosa la kujeruhi mwili. Waislamu na Wayahudi walilalamika, na kufikia Desemba mwaka huohuo bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuiruhusu tohara kwa masharti. Mimi nadhani bunge hilo lilikuwa na busara. Kwa muumini, mtoto asiyetahiriwa huwekwa nje ya mlango wa jamaa zake, na sheria inayomfungia nje kwa jina la kumlinda humdhuru kwa namna nyingine. Sidai marufuku. Afrika Kusini, kwa Sheria yake ya Watoto ya mwaka 2005, imekataza tohara ya wavulana walio chini ya miaka 16 isipokuwa kwa sababu za dini au za tiba. Njia hiyo ya katikati yafaa tuijadili nasi.

Tulikwisha kuanza

Kwa hakika hatuanzi na ukurasa mtupu. Zamani tulisema "tohara ya wanawake". Tulipoanza kusema "ukeketaji", tulikuwa tumekwisha kuvua vazi la usafi kutoka kwa tendo lile, na mwaka 2011 likapigwa marufuku kwa sheria. Sisemi kwamba tendo hilo na tohara ya wavulana ni sawa. Madhara yake hayalingani. Nasema kwamba lugha ilitusaidia kuona.

Katiba yetu ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, mwezi uleule niliopiga njuga. Ibara ya 44 inasema kwamba mtu hatamshurutisha mwingine kutenda au kupitia desturi ya kitamaduni, na Ibara ya 53 inayaweka mbele maslahi ya mtoto katika kila jambo linalomhusu. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imekataza kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu, na inamlinda mtoto aliyezaliwa huntha asibadilishwe viungo vyake pasipo ushauri wa kitabibu. Huyo wa pili tumeona yafaa angojewe. Je, yule asiye na tatizo lolote la maumbile, atakatwa kwa haraka ya nini?

Hitimisho

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, wazazi wasiulizwe swali hili wodini, mama akiwa angali na uchungu wa uzazi na baba akiwa na fomu mkononi. Waelezwe mapema kliniki, faida na hatari, na waambiwe wazi kwamba kungoja pia ni uamuzi halali. Pili, panapotahiriwa kwa ajili ya dini au tiba, mtoto apewe ganzi na mikono iliyofunzwa. Tatu, na hili ni letu sisi wa Kiswahili, tuyapime maneno tunayoyaandika katika vijitabu na mabango ya afya. Mtafsiri anayeandika "mtoto msafi" ametoa hukumu, ajue asijue. Na anayeandika "hiari" aonyeshe ni hiari ya nani.

Sikutia sahihi siku ile. Mama hajaridhika hadi sasa. Kila anapopiga simu huuliza kuhusu mtoto, kisha hunyamaza kidogo, nami najua anachokinyamazia. Mwanangu huenda akaja kunilaumu kwa kungoja, kama vile mwingine angemlaumu babake kwa kutongoja. Lakini iwapo atataka kutahiriwa, njia ingali wazi. Siku atakapouliza nitamweleza ya jando na ya hospitali, ya imani za watu na ya madaktari, kisha nitamsikiliza.